Picha Bubu za Mwituni na Wenye Kuzitafuta

Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, akiwa amekwisha toka katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa aende bara kuwinda. Huko Chicago mwenye kiwanda cha sinema, William Selig, hakungoja habari zake. Alinunua simba mzee, akamvika mchezaji mmoja afanane na Roosevelt, na simba akapigwa risasi kweli mbele ya mtambo wa picha. Roosevelt angali porini, watu wa Marekani walikuwa wakijaa kutazama mawindo yake! Picha halisi za Cherry Kearton, aliyezipiga huku Afrika ya Mashariki, zilitoka mwaka 1910, wala hazikuwapendeza watazamaji kama zile za uongo.

Basi njia ikawa wazi. Tarzan alitungwa mwaka 1912 na Edgar Rice Burroughs, mtu asiyepata kukanyaga Afrika. Sinema yake ya kwanza, aliyocheza Elmo Lincoln, ilipigwa katika vinamasi vya Louisiana, ikaonyeshwa New York Januari 1918. Sokwe wake ni watu waliovaa ngozi.

Kwa nini basi wako watu wanaozitafuta picha hizi hata leo, na kuzinunua kwa fedha nyingi? Sababu moja ni uhaba. Filamu za siku zile zilifanyizwa kwa pamba iliyotiwa tindikali, ndugu yake baruti. Zikishika moto, hata maji hayazizimi. Nyingine ziliyeyushwa makusudi ili kutoa madini ya fedha yaliyomo. Katika filamu ndefu bubu za Marekani, zipatazo 11,000, zilizobaki kamili kwa namna yake ya asili ni kama 14 tu katika kila 100. Tarzan wa pili wa mwaka 1918 hajaonekana mpaka sasa. Yule wa 1927 alidhaniwa amepotea, hata nakala ikapatikana.

Lakini uhaba hautoshi kueleza mapenzi haya. Sisi twaona kwamba kinachovuta ni ule mchanganyiko: mwitu ni wa bandia, ila meno ya simba ni ya kweli, na mchezaji yuko karibu nayo. Mwafrika katika picha hizo ni mchukuzi au mshenzi tu, naye mtafutaji mwenye akili huliona jambo hilo wala halifichi.

Tarzan wa kwanza mwenyewe amebaki pungufu, maana alikatwa. Kwa hiyo kopo lenye kutu likitokea ghalani, mtafutaji hunusa kabla ya kufunua. Filamu inayooza hutoa harufu kali, na mwisho wake hugeuka unga wa rangi ya kahawia.