Moshi Unaonguruma na Dagaa Waliopanda Ndege

Tarehe 16 Novemba 1855, wapiga makasia wa Kikololo walimshusha David Livingstone kwenye kisiwa kidogo kilichokaa ukingoni kabisa mwa maporomoko ya mto Zambezi. Akajikokota hadi kwenye ncha ya mwamba, akachungulia ndani ya ufa uliomeza mto mzima. Sehemu hiyo ya kisa inajulikana. Isiyosemwa sana ni kwamba kabla hajaondoka alipanda kisiwani humo kokwa za pichi na aprikoti zipatazo mia moja, pamoja na mbegu za kahawa, akitumaini kwamba manyunyu yatainywesha bustani yake bila kukoma. Akachonga kwenye mti herufi za jina lake na mwaka. Aliporudi mwaka 1860 alikuta viboko wameshaifyeka bustani yote.

Kila ninaposoma habari ile, zile kokwa hunivutia kuliko maelezo ya maji. Mgeni amefikishwa na wenyeji mahali pa ajabu, naye anaanza kuotesha matunda ya kwao. Kwa miaka mia moja iliyofuata, wageni wengi wa Zambezi walifanya vivyo hivyo: macho yao waliyatoa kwa maporomoko, ila chakula walikuja nacho.

Jina nalo lilipitia njia hiyo hiyo. Wakololo, waliokuja kutoka kusini na lugha yao ya jamii ya Kisotho, waliyaita maporomoko yale Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Watoka-Leya, waliokuwepo pale kabla ya Wakololo, walikuwa na jina lao, Shungu Namutitima. Livingstone akaweka juu yake jina la malkia wake, Victoria, na ndilo lililochapishwa kwenye ramani. UNESCO ilipoyaingiza maporomoko katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1989, iliandika majina mawili, la Kikololo na la Kiingereza. Lile la Watoka-Leya halikuandikwa.

Upana wa maporomoko ni mita 1,708, na maji huanguka mita 108. Mwezi Aprili, mto ukiwa umefurika, mgeni anayesimama mbele yake huona ukungu mweupe tu, na koti la mvua la kukodi halimsaidii kitu. Oktoba mambo hugeuka: upande wa Zambia hubaki ukuta mkavu wa mwamba mweusi, na maji hukimbilia upande wa Zimbabwe. Anayetaka kuyaona maji na mwamba kwa pamoja afike kati ya Juni na Agosti.

Watalii walianza kuja kwa wingi baada ya reli. Njia ya kutoka Bulawayo ilifika mwaka 1904, na mwaka huo huo ikafunguliwa hoteli ya Victoria Falls. Cecil Rhodes, tajiri wa kikoloni, alitaka daraja la reli lijengwe karibu na maporomoko kiasi kwamba manyunyu yagonge mabehewa. Alikufa mwaka 1902, hajawahi kuyaona maporomoko yenyewe, lakini matakwa yake yalitimizwa. Vyuma vilifuliwa Darlington, Uingereza, vikasafirishwa kwa meli hadi Beira, na tarehe 12 Septemba 1905 daraja likafunguliwa, mita 128 juu ya mto.

Kuanzia mwaka 1920 wageni wa hoteli walipelekwa kutazama maji kwa vitoroli vya relini. Havikuwa na injini. Wanaume wa Kiafrika walivisukuma kwa mikono, kwenda na kurudi, hadi huduma hiyo ilipokoma mwaka 1957. Hebu fikiria jua la Oktoba katika bonde la Zambezi, reli imepata moto, na migongo ya watu imeinama nyuma ya kiti chenye kivuli. Abiria akirudi alikuta barazani chai ya saa kumi, keki na vitafunio vya Kiingereza. Msukumaji alikwenda kula sadza, yaani ugali, kwake, na mgeni hakujua hata inavyonukia.

Meza nyingine ya kukumbukwa pale iliandaliwa mwezi Agosti 1975, ndani ya mabehewa ya treni yaliyoegeshwa katikati ya daraja. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alikaa na watu wake upande wa nchi yake, wapigania uhuru upande wa Zambia, na mpaka ukapita kati yao. Rais Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini ndio waliowakutanisha. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Wakati huo reli yetu ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa katika hatua za mwisho za ujenzi, ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake kwa akina Smith.

Nilipanda treni ya TAZARA kwenda kuyaona maporomoko. Kutoka Kapiri Mposhi unachukua basi hadi Lusaka, kisha jingine hadi mji wa Livingstone. Nilifika nimechoka, nimejaa vumbi, na kabla ya kwenda mtoni nikaingia soko la Maramba kutafuta chakula.

Mama mmoja alinimiminia maji ya kunawa, akaweka mezani nshima. Ni ugali wa mahindi, ila mlaini kuliko wetu, umechotwa kwa upawa uliolowanishwa ukatokea mabonge mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu. Pembeni palikuwa na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, zinaitwa ifisashi, na kikombe cha chibwantu, kinywaji cha Watonga cha mahindi na mizizi, chenye utamu unaoishia kwenye uchachu. Katikati palikuwa na samaki wadogo, wamekaangwa wakakauka, wakarudishwa kwenye nyanya na vitunguu. Nilimega, nikachovya, nikatafuna. Ladha ile naifahamu tangu utotoni.

"Hawa ni dagaa," nikasema.

"Kapenta," akanisahihisha. Alikuwa amefanya biashara miaka mingi mpakani Nakonde, na Kiswahili alikitolea huko. "Hawa ni wa Siavonga, kaka. Wa Mpulungu bei imepanda. Lakini ni ndugu hao."

Hakukosea. Siavonga iko kwenye ziwa Kariba, na Mpulungu kwenye ziwa Tanganyika. Bwawa la Kariba lilijengwa kati ya 1955 na 1959, mto ukageuka ziwa, na Watonga wapatao 57,000 wakahamishwa kutoka ardhi ya mababu zao. Samaki waliokuwepo walikuwa wa mtoni. Walibaki kandokando, na kilindi chote kikakaa kitupu. Wataalamu wakakumbuka samaki wa Tanganyika anayeishi kwenye maji ya wazi, yule ambaye wenyeji wengi wa ziwa humwita lumbu. Mwaka 1967 na 1968 lumbu wachanga walivuliwa upande wa Zambia, wakapakiwa kwenye ndege ndani ya maji yao, wakamwagwa Kariba. Ndani ya miaka michache wakatapakaa ziwa zima. Leo mvuvi wa Kariba huwasha taa usiku wa giza na kuwavuta juu, kama afanyavyo mwenzake wa Kigoma. Ni samaki huyo huyo aliyepelekwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda wakamwita isambaza.

Nilikuwa nimesafiri siku nne kuja kuonja chakula cha ugenini, na ugenini palinipakulia samaki wa kwetu. Sikuvunjika moyo hata kidogo. Kwenye vitabu, historia ya maporomoko yale ni ya mtu mmoja na tarehe moja. Ile niliyoipenda zaidi niliikuta kwenye sahani, nayo ina wavuvi, rubani, wahamishwaji na wachuuzi.

Kisha yule mama akanikatia kipande cha kitu cha rangi ya kahawia, kizito, kama keki isiyo na sukari. Kilikuwa chikanda. Viazi vidogo vya okidi hukaushwa, hupondwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha mchanganyiko hupikwa hadi ugande. Zamani kilikuwa chakula cha Wabemba wa kaskazini. Sasa kinaliwa Zambia nzima, hata mijini.

"Viazi vyake vinatoka wapi, mama?"

"Kwenu."

Hapo mkono wangu ulisita. Okidi za Zambia zilipopungua, wachimbaji waligeukia nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na viazi vikaanza kuvuka mpaka kwa magunia. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na biashara hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Nje ya mipaka ya hifadhi bado watu wanachimba. Kiazi kikishang'olewa mmea umekwisha, maana ndicho kilichokuwa kichipue mvua za mwaka unaofuata. Anayechimba anatafuta ada ya shule ya mtoto wake. Anayepika anatafuta hiyo hiyo.

Nilimweleza yule mama jinsi Kitulo inavyokuwa mwezi Januari, maua yakiwa yamefunika nyasi hadi upeo wa macho. Alisikiliza huku kisu kikiwa kimesimama juu ya chikanda. Miaka yote ile ameviponda viazi vyake, hajawahi kuliona ua.

"Lina rangi gani?" akauliza.

Mengine meupe, nikamwambia, mengine ya njano, na mengine zambarau.