Umeme wa upepo na jamii za vijijini nchini Kenya

Sera ya umeme wa upepo nchini Kenya ilipata msukumo mwaka 2008, serikali ilipotangaza bei maalumu za kununulia umeme wa vyanzo jadidifu ili kuvutia wawekezaji. Mradi mkubwa zaidi ni wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit: mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Uliunganishwa na gridi ya taifa Septemba 2018, baada ya ujenzi wa njia ya umeme ya kilomita 428 hadi Suswa kuchelewa.

Mradi huo umezua mgogoro na jamii za eneo hilo, na kiini chake ni ardhi. Eneo la ekari 150,000, ambalo Waturkana, Wasamburu na Warendille wamelitumia kwa malisho, lilikodishwa kwa mwekezaji, na wakazi wa Sarima wakahamishwa. Barabara kutoka Laisamis iliyokarabatiwa kwa ajili ya mradi imerahisisha safari na biashara ya mifugo, faida isiyopaswa kubezwa. Umeme wenyewe, hata hivyo, hupita juu ya manyatta: waya za kilovolti 400 haziwezi kuwasha taa ya nyumbani bila kituo cha kupozea umeme.

Oktoba 2021, mahakama mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo ya mradi wa Ziwa Turkana zilitolewa kinyume cha sheria.

Mgogoro wa ardhi haukuishia Turkana: huko Kinangop, Nyandarua, upinzani wa wakulima ulichangia mradi wa upepo wa megawati 60 kuachwa mwaka 2016. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayodai ridhaa ya jamii kabla ya mwekezaji kupewa ardhi yao.