Ushuru Haukuwa Dawa ya Mchungwa

Mkulima wa machungwa wa Muheza akiona juisi ya kutoka nje inauzwa dukani kwa bei ambayo yeye hawezi kuimudu, neno la kwanza linalomtoka kinywani ni: Serikali iko wapi? Wakulima wa jimbo la Florida, Marekani, nao waliuliza hivyo hivyo, na Serikali yao ikawajibu. Leo tulitazame jibu hilo na mahali lilikowafikisha.

Florida ndiko ilikobuniwa, katika miaka ya 1940, njia ya kuipunguza maji juisi ya machungwa hadi ikawa nzito, kisha kuigandisha ili isafiri mbali bila kuharibika. Biashara ikanawiri. Lakini Desemba 1962 baridi kali iliunguza mashamba ya huko, na kama wasemavyo Waswahili, kufa kufaana. Katika jimbo la São Paulo, Brazil, viwanda vilijengwa ili kuziba pengo hilo. Baridi nyingine zilipoipiga Florida katika miaka ya 1980, Brazil ilikuwa imekwisha kuwa muuzaji mkubwa wa juisi hiyo kuliko nchi yoyote duniani.

Mwaka 1986 wakulima wa Florida walishitaki kwamba juisi ya Brazil inaingizwa kwa bei ya kutupa. Mei 1987 ushuru maalumu ukatangazwa.

Hapa hapana budi tuelewane. Kuuza rahisi peke yake si kosa. Kwa mujibu wa mkataba wa biashara wa GATT wa mwaka 1947, mlalamikaji hana budi athibitishe mambo mawili: kwanza, kwamba bidhaa inauzwa nje kwa bei iliyo chini ya thamani yake ya kawaida, aghalabu bei ya huko itokako; pili, kwamba uuzaji huo unawaumiza wazalishaji wa nchi inayonunua. Huko Marekani, Wizara ya Biashara ndiyo inayopiga hesabu ya bei, na Tume ya Biashara ya Kimataifa ndiyo inayopima madhara. Mmoja akisema hapana, kesi imekwisha.

Mwishoni mwa mwaka 2004 wakulima wale walishitaki upya, na Machi 2006 wakapata ushuru mwingine. Safari hii Brazil haikunyamaza. Mwaka 2008 ilipeleka malalamiko yake katika Shirika la Biashara Duniani, na hoja yake ilihusu hesabu.

Tuchukue mfano wa mapipa mawili. Pipa la kwanza limeuzwa Marekani kwa dola 10 chini ya bei ya kwao. La pili limeuzwa kwa dola 10 juu ya bei hiyo. Ukiyachanganya, hakuna tofauti. Lakini maofisa wa Marekani walilihesabu pipa la pili kuwa ni sifuri, hivyo kosa la pipa la kwanza likabaki peke yake. Ni sawa na mwalimu anayehesabu maswali uliyokosa na kuyafumbia macho uliyopata. Machi 2011 jopo la waamuzi lilisema Brazil ina haki, na mwaka 2012 ushuru huo ulifutwa, baada ya Tume ya Marekani yenyewe kuona kwamba kuuondoa hakutarudisha madhara.

Je, ushuru uliwaokoa wakulima? Kampuni ya Kibrazil ya Cutrale ilikwisha kununua viwanda vya juisi huko huko Florida mwaka 1996. Aliyezuiwa mlangoni akawa mwenyeji ndani. Na mwaka 2005, wakati kesi ya pili ikiendelea, uligunduliwa katika mashamba ya Florida ugonjwa wa michungwa unaoenezwa na mdudu mdogo, usio na tiba. Katika msimu wa 2003-04 jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023-24 yalikuwa yapatayo milioni 18. Ndiyo maana Marekani ilipoongeza ushuru wa asilimia 40 kwa bidhaa nyingi za Brazil, Julai 2025, juisi ya machungwa iliachwa nje ya ongezeko hilo. Adui wa jana sasa anahitajiwa mezani.

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba sheria hizi hazina maana. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2004 na Kenya mwaka 2017, na ni vema ziwepo. Lakini sheria ya namna hii hula takwimu. Mkulima asiye na daftari la mauzo, na kiwanda kisichojua gharama ya lita moja, vitasimama mbele ya wachunguzi mikono mitupu. Na hata wakishinda, ushuru hulinda bei tu. Haumwagilii mchungwa, wala hauuponyi ugonjwa. Anayedai mlango ufungwe, na aangalie pia shamba lililo nyuma ya nyumba yake.