Litowa ya Bibi

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Songea ikiwa imetukaba kweli kweli, mjumbe wetu alipita nyumba kwa nyumba. Shule ya mtaa inaongezwa darasa, kila kaya itoke ikabebe matofali. Malipo hakuna. Mama akajifunga kanga kiunoni, wadogo zangu wakadhani ni mchezo, mimi nikavaa koti. Baba hakunyanyuka kitini.

"Kujitolea!" akaguna. "Neno hilo nalijua mie."

Aliyetangulia njiani ni bibi, mama yake baba, anayekaribia miaka 80.

Nimemaliza kidato cha nne hapa hapa Songea. Katika historia nilikariri jinsi Wajerumani walivyomnyonga Nduna Songea Mbano mwaka 1906, nikakariri na Azimio la Arusha la 1967. Litowa sikufundishwa hata siku moja. Nimeisikia kwa bibi, tofali likiwa kichwani, halafu ndiyo nikaanza kutafuta vya kusoma.

Mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru, vijana wa TANU Youth League wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini Litowa, wilaya ya Songea, walime pamoja. Hawakutumwa na serikali. Mwanzo ulikuwa wa shida, baadhi wakakata tamaa wakaondoka. Kijiji kilishika mizizi wake na watoto walipohamia, maana wanaume peke yao porini ni kambi tu, siyo kijiji. Bibi alifika akiwa mwali wa juzi juzi. Anasema asubuhi wote mnaelekea shamba moja, na watoto wadogo wanaachwa mahali pa kutunzwa ili mama zao walime bila wasiwasi. Wazee wa mjini waliwacheka. Nadhani hapo ndipo lilipo neno lenyewe: ujamaa umetoka kwenye jamaa, watu wa nyumba moja, kabla haujawa siasa ya kuandikwa kwenye kuta.

Vijiji vingine vikaiga, vikaungana katika Ruvuma Development Association, vikafika 17. Walikuwa na kinu chao cha kusaga nafaka mjini Songea. Mwingereza Ralph Ibbott, mshauri wao, alihamia Litowa na mkewe Noreen na watoto wao. Shule ya Litowa iliwalea wanafunzi kwa jembe na daftari pamoja, kabla Mwalimu Nyerere hajatoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Mwalimu mwenyewe alivipenda vijiji hivi.

Sasa hapa ndipo bibi hunyamaza. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zikachukuliwa, walimu wakatawanywa. Kosa lao? Kwa nilivyoelewa mimi, walizoea kuamua mambo yao wenyewe kikaoni, na wakubwa wa mkoa walitaka kuwaamulia.

Babu na bibi wakaondoka Litowa, wakaanza upya kwingine. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Mwaka uliofuata wakahamishwa tena, baba akiwa na miaka sita. Anachokumbuka ni mahindi yaliyoachwa shambani bila kuvunwa. Kwake kujitolea ni lori lililokuja asubuhi.

Basi nyumba yetu ina historia mbili, na zote zinakula sahani moja. Nilimuuliza bibi kama hana kinyongo. Akasema, "Mjukuu wangu, waliovunja siyo sisi tuliojenga," akaniambia nishike tofali vizuri nisije kumwangushia mtu mguuni.

Jumamosi ya pili baba alitoka. Hakusema neno. Alikopa toroli kwa jirani, akafika pale shuleni, akamwuliza mjumbe kwanza mchanga wamenunua kwa shilingi ngapi na daftari la michango analo nani. Mjumbe akababaika. Watu wakaacha kubeba, wakasogea kusikiliza.

Bibi alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, anacheka peke yake.