Mbwa Mwenye Mbio Si Mkaidi

Wako watu mjini wamfungao mbwa mchana kutwa. Wakimfungulia jioni, akatimka nyuma ya paka, humcharaza fimbo. Je, huo ni ukaidi, au ni historia?

Huko Yaeda Chini, wilayani Mbulu, mbwa huandamana na wawindaji wa Kihadzabe wenye pinde. Chini ya Mlima Hanang, wafugaji wa Kibarbaig nao wana mbwa wa kulinda mifugo. Hawa hawakupelekwa shule. Darasa lao ni kazi.

Uingereza yuko grehaundi, miguu mirefu, kiuno chembamba. Huwinda kwa macho kuliko kwa pua, na mbio zake hukaribia kilometa 70 kwa saa. Alikuwa mbwa wa wakubwa. Makabwela wakamchanganya na mbwa wa wachungaji, wakapata lacha, mbwa wa kutafutia kitoweo. Mwaka 1926, mjini Manchester, grehaundi wakaanza kufukuzishwa sungura wa bandia, watu wakicheza kamari. Kazi ikageuka mchezo, lakini mbio zikabaki damuni.

Basi, mbwa wa mjini aliyenyang'anywa kazi afunzwe vipi? Mzoeshe kamba kabla hajaona cha kukimbiza. Mwite angali karibu. Akija, mpe kipande cha nyama. Akitoroka kisha akarejea, usimpige, maana atadhani kosa ni kurudi. Na chanjo ya kichaa asiikose.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mbwa naye vivyo hivyo.