Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Mtoto wa darasa la kwanza hupewa kalamu ya risasi kwa sababu bado haaminiwi kupewa wino. Akiivunja katikati hakuti risasi. Anakuta kinywe, madini meusi yanayochafua vidole, ambayo wenyeji wa Mahenge na Ruangwa wanayafahamu kuliko sisi tunaoyasoma magazetini. Kinywe ni kaboni tupu. Jina la risasi lilitufikia kosa likiwa tayari ndani yake: katika karne ya 16 Waingereza walikuta mwamba mweusi unaoandika huko Borrowdale, kaskazini mwa nchi yao, wakadhani ni jamii ya risasi, na jina likaganda.

Kosa hilo halikuishia kwenye kinywe. Lilikuwapo jiwe jingine, jeusi vilevile, laini, linaloteleza vidoleni na kuacha mstari kwenye karatasi. Kwa karne nyingi wachimbaji na wataalamu waliyachanganya mawe hayo mawili, na hata leo la pili linaitwa molibdenaiti, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya risasi. Aliyeyatenganisha ni Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa mji mdogo wa Köping nchini Sweden. Mwaka 1778 aliliunguza jiwe la pili kwa asidi ya nitriki, likageuka unga mweupe. Kinywe kilipotiwa asidi hiyohiyo hakikushtuka. Basi hayakuwa ndugu. Mwaka 1781 rafiki yake, Peter Jacob Hjelm, alitoa katika unga ule metali mpya: molibdenamu.

Ninaanza na mfamasia huyu kwa sababu mawe aliyoyatenganisha yalikuja kukutanishwa tena mwaka 2017, tabaka moja juu ya jingine, na safari hii hakuna aliyekosea. Watu walitaka kazi ambayo hakuna kati ya hayo mawili linaloiweza peke yake: kupokea mwanga, kuugeuza kuwa spini ya elektroni, kisha kuisafirisha spini hiyo.

Elektroni ina chaji, na kwamba mwanga unaweza kuihamisha chaji ni habari ya zamani. Mwaka 1887, mjini Karlsruhe, Heinrich Hertz aliona cheche za mtambo wake zikiruka kwa urahisi zaidi zinapopigwa na mwanga wa urujuanimno. Mwaka 1905 Albert Einstein, wakati huo karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, akaeleza kwamba mwanga hufika kwa mafungu, na kila fungu huisukuma elektroni moja. Umeme wa jua unaowasha taa za nyumba zetu leo umetoka katika ukoo huohuo wa mawazo.

Spini ilichelewa, na ilifika kwa mlango wa uani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walikuwa wanapitisha mvuke wa fedha kati ya ncha za sumaku na kuunasa kwenye kioo. Ujerumani ilikuwa hoi kwa mfumuko wa bei, na sehemu ya fedha za jaribio hilo ilitokana na viingilio vya mihadhara ya Max Born kuhusu nadharia ya Einstein. Gerlach alipotoa kioo hakuona kitu. Akampa Stern, na wakiwa wanakitazama, doa jeusi likaanza kujitokeza. Kwa mujibu wa simulizi ya Stern mwenyewe, mshahara wake ulimtosha kununua biri za bei rahisi tu, zenye salfa nyingi, na pumzi yake ndiyo iliyoigeuza ile fedha isiyoonekana kuwa salfaidi nyeusi. Mwezi Februari 1922 doa lilionekana limegawanyika mara mbili. Sumaku ilizipanga atomu katika makundi mawili tu, bila kuacha kitu katikati.

Wenyewe hawakujua walichokiona. Walidhani ni mwendo wa elektroni kuzunguka kiini. Jibu lilipatikana mwaka 1925 mjini Leiden, Uholanzi, kwa vijana wawili, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, waliodai kwamba elektroni yenyewe ina mzunguko wake wa ndani, wenye njia mbili tu: juu au chini. Mzee Hendrik Lorentz alipiga hesabu akaonyesha kwamba tufe dogo kiasi hicho lingelazimika kuzunguka kwa kasi inayoipita ya mwanga. Vijana wakashikwa na hofu, wakamwendea mwalimu wao, Paul Ehrenfest, ili wairudishe makala. Ehrenfest alikuwa ameshaituma. Aliwaambia kwamba umri wao bado unawaruhusu kufanya upuuzi. Hoja ya Lorentz ilikuwa sahihi kwa tufe, ila elektroni si tufe. Spini ni tabia ya asili kama ilivyo chaji, na neno mzunguko tumelibakiza kwa kukosa jingine.

Swali likawa hili: mwanga unaosukuma chaji, je, unaweza kugeuza spini pia? Unaweza, mradi uwe umesokotwa. Mwanga wa kawaida ni mchanganyiko, lakini upo mwanga unaosafiri huku wimbi lake likijisokota kama kamba ya kumbi, ama kulia ama kushoto. Mwaka 1936 Richard Beth aliupitisha mwanga wa namna hiyo katika kipande cha fuwele kilichoning'inizwa kwa uzi mwembamba sana, na kipande kikageuka. Ilikuwa dalili ya wazi kwamba msokoto wa mwanga ni nguvu yenye kupokelewa. Mjini Paris, Alfred Kastler alitumia mwanga wa aina hiyo kuzipanga atomu za mvuke zielekee upande mmoja, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Miaka 2 baadaye Mfaransa mwenzake, Georges Lampel, alifanya hivyo kwa elektroni zilizo ndani ya silikoni. Mlango ukafunguka kwa vitu vigumu.

Mlango huo, hata hivyo, ulikuwa na kizingiti. Kitu kilichopendwa zaidi maabarani kilikuwa kampaundi ya galiamu na aseniki, ambamo mwanga uliosokotwa hunyanyua elektroni kutoka mahali pawili kwa wakati mmoja. Kila elektroni 3 zinazoelekea huku, 1 huelekea kule. Ukitoa moja katika tatu unabaki na mbili kati ya nne, yaani asilimia 50. Kiasi hicho kiliwafaa sana wanafizikia, na elektroni za namna hiyo ndizo zilizotumika mwaka 1978 kule Stanford kuthibitisha kwamba nguvu dhaifu ya asili hubagua kushoto na kulia. Lakini nusu ni nusu.

Turudi kwenye jiwe la Scheele. Molibdenaiti imejengwa kwa matabaka: atomu za molibdenamu katikati, salfa juu na chini, kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Ndani ya tabaka atomu zimeshikana barabara. Baina ya tabaka na tabaka zimegusana tu. Ndiyo maana jiwe linateleza, na ndiyo maana linasagwa na kutiwa kwenye grisi. Fundi gereji anayeshindilia ile grisi nyeusi kwenye sivi joint mara nyingi anashindilia molibdenaiti. Robert Frindt aliandika mwaka 1966 jinsi alivyobandua fuwele zake hadi zikabaki matabaka machache tu, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakatangaza kupata tabaka moja. Dunia haikugeuza shingo.

Iligeuza shingo mwaka 2004, kwa ajili ya ndugu wa kusingiziwa. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walibandika selotepu kwenye kinywe, wakabandua, wakarudia, hadi wakabaki na tabaka moja la kaboni: grafini. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2010. Grafini ina unene wa atomu 1 na bado inazuia asilimia 2.3 ya mwanga unaopita, kiasi ambacho jicho linaweza kukiona. Kwa spini ni barabara ya lami: mwaka 2007 watafiti wa Groningen walionyesha spini ikisafiri ndani yake takriban mikromita 2 katika joto la kawaida la chumba. Tatizo ni kwamba kaboni ni atomu nyepesi, na spini yake haijali msokoto wa mwanga. Barabara ipo, stendi ya kupandia haipo.

Mwaka huohuo wa tuzo, makundi mawili ya Marekani, moja la Columbia likiongozwa na Tony Heinz na jingine la Berkeley, yalibandua molibdenaiti kwa njia ileile na kukuta jambo ambalo grisi haikuwahi kulidokeza. Jiwe nene likimulikwa halitoi mwanga wa maana: elektroni iliyonyanyuliwa na tundu ililoliacha hutofautiana mwendo, haziwezi kurudiana moja kwa moja, na nishati hupotea kama joto. Katika tabaka moja hukutana ana kwa ana, na tabaka linang'aa wekundu. Columbia walipima ongezeko la zaidi ya mara 10,000. Kemikali haikubadilika hata chembe; kilichobadilika ni unene tu. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika historia hii, na sioni kama limezungumzwa vya kutosha nje ya maabara.

Hapo wananadharia wakaingia. Di Xiao, Wang Yao na wenzao waliona kwamba ukichora ramani ya nishati ya elektroni katika tabaka hilo unapata mabonde ya aina mbili, kila moja likiwa sura ya mwenzake kwenye kioo. Kwa kuwa molibdenamu ni atomu nzito, spini imefungwa kwenye bonde lake. Na mwanga? Muulize fundi baiskeli. Pedeli ya kulia hufungwa kwa kuzungushwa kulia, ya kushoto hufungwa kinyume, na ukizibadilisha hazishiki. Msokoto wa kulia wa mwanga unashika bonde moja, wa kushoto unashika jingine. Ule mgawanyo wa tatu kwa moja haupo tena.

Majibu ya majaribio yalitoka pamoja mwaka 2012: kundi la Hong Kong na lile la Heinz katika toleo moja la jarida la Nature Nanotechnology, na kundi la Beijing katika jarida jingine. Walimulika kwa mwanga wa msokoto mmoja, wakapima kama mwanga unaorudi umeutunza msokoto huo. Hong Kong walipata asilimia 30, Beijing 50. Kundi la Heinz, kwa nyuzijoto 259 chini ya sifuri, lilikaribia 100. Kwenye matabaka mawili yaliyolaliana uchaguzi huo ulififia, kwa kuwa tabaka la pili hulala kinyume na la kwanza na kulifuta. Mwaka 2014, kule Cornell, ikaja zamu ya chaji: mkondo wa umeme uliomulikwa kwa msokoto mmoja ulipinda pembeni bila sumaku yoyote karibu, na msokoto ulipogeuzwa, nao ukapinda upande wa pili.

Wapo waliotangaza mapema mno kompyuta za mabonde. Elektroni na tundu lake katika tabaka hili huishi pamoja kwa muda mfupi sana, aghalabu pikosekunde chache, na joto la chumba hufuta haraka kumbukumbu ya bonde. Stendi ya kupandia ipo, barabara hakuna.

Msomaji ameshaona jibu. Martin Gmitra na Jaroslav Fabian wa Regensburg waliliandika mwaka 2015, na mwaka 2017 likafanyika kwa mkono. Mjini Columbus, Ohio, kundi la Roland Kawakami lililaza tabaka moja la molibdenaiti juu ya matabaka machache ya grafini. Lausanne, kundi la Andras Kis lilifanya kama hivyo kwa kampaundi ya tungsteni na seleniamu. Mwanga uliosokotwa ulitua kwenye molibdenaiti, spini ikashuka kwenye grafini, ikasafiri hadi kwenye kipande cha sumaku kilichoisoma kama volti. Msokoto ulipogeuzwa, volti ikageuka alama.

Volti ndogo inaweza kutokana na mengi, kwa hiyo watafiti wa Ohio walileta uga wa sumaku kwa upande, unaozifanya spini ziyumbe kama pia njiani na kufika zikiwa zimepotezana. Volti ikabadilika pamoja na uga huo. Jaribio hilo lina jina la Wilhelm Hanle, aliyeiona tabia hiyo katika mwanga wa mvuke wa zebaki mjini Göttingen, miaka ya 1920, wakati Stern bado anavuta biri zake za bei rahisi.