Je, Mchoro wa Umeme wa Moyo Husema Kweli Yote?

Moyo wa binadamu una vyumba vinne. Chumba kimojawapo kikilemewa na kazi siku nyingi, kuta zake huwa nene, au chumba chenyewe hutanuka. Tabibu haoni moyo kwa macho, basi atajuaje?

Katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, alikuwapo mwalimu wa elimu ya kazi za mwili, jina lake Willem Einthoven. Mwaka 1903 alieleza chombo chake: uzi mwembamba mno uliopakwa fedha, umetiwa katikati ya sumaku yenye nguvu. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi. Umeme mdogo wa moyo ukautikisa ule uzi, na mtikisiko wake ukapigwa picha, ukawa mchoro. Mwaka 1906 alionyesha ya kuwa vyumba vilivyokua huubadili mchoro huo. Mwaka 1924 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1949 Sokolow na Lyon, matabibu wa Marekani, waliweka kipimo. Hujumlishwa kina cha wimbi lishukalo upande wa kulia wa kifua na urefu wa wimbi lipandalo upande wa kushoto. Jumla ikifika milimeta 35, chumba cha chini cha kushoto hushukiwa kuwa kimenenepa.

Lakini mchoro hupima umeme, haupimi nyama. Kijana mwembamba aweza kuwa na mawimbi marefu, na moyo wake mzima. Mtu mnene aweza kuwa na mawimbi mafupi, na moyo wake umekua. Mwaka 1953 Edler na Hertz, huko Lund katika Sweden, walianza kuuchungua moyo kwa mwangwi wa sauti isiyosikika. Njia hiyo ilipoendelea hata ikaweza kupima unene wa kuta, ilidhihirika kwamba wagonjwa wengi wenye mioyo iliyokua hawakuwa na alama hiyo katika mchoro.

Basi tushike neno hili. Mwenye shinikizo la damu akionekana na alama, asiidharau, kwani ni onyo. Asipoonekana nayo, asidhani kwamba amepewa cheti cha afya, akaacha dawa zake. Sisi walimu twajua ya kuwa mtihani mmoja haumpimi mwanafunzi mzima. Na mchoro wa moyo ni vivyo hivyo: shahidi mwenye manufaa, ila hakuona yote.